Chaki Kwenye Kioo cha Lori

Jumamosi, 2 Novemba 1974. Tabora.
Mvua: hakuna.

Daftari hili ni la gari. Nimelifungua ili nisije nikabishana na Fundi Mabruki kuhusu lini tulifanya nini. Kazini naandika habari za watu wengine, mwaka wa ishirini na mbili sasa, mitano ya mwisho nikiwa mwakilishi wa gazeti hapa mkoani. Humu nitaandika boliti na mvua. Vipimo vya mvua nitachukua uwanja wa ndege kila siku, kama ninavyovichukulia gazeti.

Gari ni la Kiingereza, la mwaka 1958, viti viwili, halina paa, la kukimbizia upepo. Lilikuwa la mkulima wa tumbaku wa Urambo aliyerudi kwao. Nililikuta ndani ya bani la kukaushia tumbaku, kuku ametaga kwenye kiti cha abiria. Injini ilikuwa imeganda. Tangu Aprili tumeifungua yote, tumeweka ringi mpya, na tangu Agosti inaunguruma. Tumelinyanyua inchi tatu juu ya spring ili lihimili barabara zetu, na chini ya injini tumefunga bamba lililokatwa kwenye pipa la lami. Mwanahawa, mke wa Mabruki, ameshona viti upya kwa turubai. Watu wa mtaa wa Kanyenye wanaliita Kigoda, kwa sababu ukikaa ndani kinachoonekana ni kichwa tu.

Linakosa kitu kimoja. Halina breki.

Jumanne, 5 Novemba
Mvua: hakuna. Mawingu upande wa Nzega.

Anton, ofisa usafiri wa operesheni ya vijiji, amefika gerejini na karatasi. Kila familia inatakiwa iwe imehamia kijijini kabla mvua hazijakolea. Ushirika umetoa malori matano, yote mabovu kwa namna moja au nyingine, na matengenezo yake kuanzia leo ni ya Mabruki. Mabruki alijifunza kazi karakana ya reli na hana mshindani mjini.

"Lori likiniharibikia njiani na watu juu," Anton akasema, "sitaita ajali. Nitaita hujuma. Na hujuma ina jina la mtu."

"Jina langu unalijua, ndugu."

"Ndiyo maana nimekuja na karatasi. Weka sahihi."

Mabruki aliifuta mikono, akaisoma karatasi mpaka chini, akaweka sahihi. Inasema yeye ndiye atakayejibu kwa kila lori litakalotoka kwenye uwanja wake.

Anton akakigeukia Kigoda.

"Na hili la nani?"

"La kwangu," nikasema.

"La watu wawili tu, ndugu mwandishi? Hili si la kijamaa."

"Ujamaa lazima uanzie kwa wawili," Mabruki akasema.

Anton alicheka kwa dhati. Kisha akaikunja karatasi mara nne na kuitia mfuko wa shati.

Ijumaa, 8 Novemba
Mvua: hakuna. Kabureta zote mbili zimesafishwa.

Jumapili, 10 Novemba
Mvua: milimita 11, ya kwanza.

Lori la ushirika limekokotwa hadi gerejini, spring ya nyuma imekatika vipande. Spring mpya haipo Tabora, na Dar es Salaam wanasema labda baada ya Krismasi. Banda la Mabruki linatosha gari moja, na lori ndilo limeingia. Kigoda kimebaki nje chini ya turubai. Viti vimelowa.

Dereva wa lori ni Twalibu, mrefu, mwenye maneno. Alikizunguka Kigoda mara mbili. "Bwana Modesti, hiki unakipanda au unakivaa?"

Alhamisi, 14 Novemba
Mvua: milimita 6.

Nimekwenda Tura na Anton kuandika habari za operesheni. Njia ni ileile ya misafara ya zamani: reli ilifuata nyayo za wapagazi, na barabara ikafuata reli. Mbele yetu alikuwa Twalibu na lori jingine la ushirika. Kilomita kumi na mbili kabla ya Tura barabara inateremka ghafla kwenye korongo. Chini kuna daraja la magogo lisilo na kingo. Twalibu alishuka kwa gia ya kwanza, taa nyekundu za breki zikiwaka mwanzo hadi mwisho.

"Hapa wapagazi walikuwa wanateleza na pembe za ndovu mabegani," Anton akasema.

"Na sasa?"

"Sasa tuna malori."

Nimehesabu nyumba thelathini na moja zilizoezuliwa mapaa kabla wenyewe hawajatoa vyombo. Mama mmoja, Flavia, alikataa kupanda bila jiwe lake la kusagia. Twalibu alilibeba mwenyewe.

"Mama, si ungechukua na shamba kabisa?"

"Lingenyanyuka ningelichukua, mwanangu."

Watu kwenye lori walicheka. Hicho ndicho kicheko pekee nilichokisikia siku nzima. Nimepeleka habari yenye idadi ya nyumba.

Jumatatu, 18 Novemba
Mvua: milimita 19.

Gazeti limefika. Nyumba thelathini na moja hazimo. Kuna neno "shangwe" ambalo mimi sikuliandika.

Kigoda: taa za mbele zimewaka. Nimemuuliza Mabruki kuhusu breki. Tatizo ni raba mbili za masta silinda, zile zinazosukuma mafuta ukikanyaga pedali, kila moja ndogo kuliko kifuniko cha soda. Za Kigoda zimelika. Niliagiza mpya mwezi wa saba, hazijaja. Nikamuuliza za lori zina ukubwa gani.

"Sawasawa na zako," akasema. "Nilishapima. Nikanyamaza makusudi."

Jumatano, 20 Novemba
Mvua: milimita 8.

Siku tatu nimemsukuma Mabruki, leo amekubali. Hoja yangu ilikuwa hii: lori halina spring, halitoki kabla ya Krismasi, raba za lori zikiagizwa leo kwa treni zitafika kabla ya spring, hakuna atakayepungukiwa. Mabruki alisema hoja haina kasoro, ila yeye haipendi.

Utaratibu wa mafundi wa Tabora ni kwamba ukiazima kitu kwenye gari, mahali pake hapaachwi wazi. Unarudishia kile kibovu, gari liweze kusogezwa uwanjani. Kisha unaandika kwa chaki kwenye kioo cha mbele, upande wa dereva, kinachokosekana. Utaratibu huo umetoka karakana ya reli, ambako behewa lenye kasoro huandikwa chaki ubavuni, na behewa lenye chaki haliunganishwi na treni hata mkuu wa stesheni akisimama kulia. Madereva wote wa mjini wanaufuata. Gari lenye chaki halina mwenyewe mpaka fundi aifute kwa mkono wake.

Kwa hiyo raba nzima za lori sasa ziko kwenye Kigoda. Raba zilizolika za Kigoda ziko kwenye lori. Nilikanyaga pedali ya lori baada ya kufungwa. Ilikuwa ngumu, kama pedali nzima.

"Ndiyo ubaya wake," Mabruki akasema. "Itashika leo, kesho itashika. Siku mafuta yakipata moto mteremkoni, itazama mpaka kwenye bati."

Akaandika BREKI BADO, herufi za kiganja kizima.

Niliuliza kwa nini asiandike kwa ndani. Alisema reli wanaandika nje, na anayekuja anakuja kutoka nje.

Jumamosi, 23 Novemba
Mvua: milimita 27. Kwa ombi langu lori limesogezwa nje na Kigoda kimeingia bandani. Viti vitakauka.

Jumatatu, 25 Novemba
Mvua: milimita 14. Chaki imefutika, Mabruki ameandika upya. Raba za lori hazijaja.

Jumatano, 27 Novemba
Mvua: milimita 22. Ameandika upya.

Alhamisi, 28 Novemba
Mvua: milimita 9. Ameandika upya. Anton alipita na kuuliza spring. Hakuna spring. Alisimama mbele ya lori, akaisoma chaki.

"Na breki nazo?"

"Na breki nazo. Raba ziko njiani."

Anton aliandika kitu kwenye kijitabu chake. Hakuuliza zilizokuwamo zilikwenda wapi.

Jumamosi, 30 Novemba
Mvua: hakuna hadi saa kumi.

Kigoda kimetoka. Mimi na Mabruki tumekwenda njia ya Itetemia na kurudi. Gia ya tatu inapiga kelele kidogo. Mabruki alinitaka nikanyage breki kwa nguvu kwenye mchanga mbichi, na gari likasimama palepale kama limeshikwa shingo. Tulirudia mara tano. Aliyekuwa akitabasamu ni mimi. Mabruki alishuka, akaangalia alama za matairi, akasema, "Raba nzuri hizi."

Jumanne, 3 Desemba
Mvua: milimita 31.

Kaka yake Mabruki amefariki Puge. Anaondoka na basi la mchana na atakaa mpaka hitima ya siku ya saba. Alipitia kwangu na mfuko begani. Akatoa kipande cha chaki, kirefu kama kidole, akakiweka kwenye kiganja changu.

"Bwana Modesti, kila siku utapita pale gerejini. Mvua ikiifuta, iandike. Ikiwa haikuifuta, ipitie tena juu yake."

"Nimesikia, fundi. Nenda kazike."

"Si kusikia. Ni kuandika."

Nikasema nitaandika. Kuandika ndiyo kazi yangu, nikasema. Hakucheka.

Jumatano, 4 Desemba
Mvua: milimita 18. Nimeandika.

Alhamisi, 5 Desemba
Mvua: milimita 3. Nimepitia juu yake. Kisha nikakaa saa tatu na Kigoda: gia ya tatu.

Ijumaa, 6 Desemba
Mvua: milimita 24. Nimeandika.

Jumamosi, 7 Desemba
Mvua: milimita 46.

Imenyesha tangu alfajiri bila kupumua. Nilikuwa bandani na Kigoda mchana wote, nikifunga kioo kipya cha pembeni. Lori liko hatua nane kutoka mlango wa banda. Kioo chake kinameta, hakina kitu. Chaki haishiki kwenye kioo kinachotiririka. Nitaandika kesho mvua ikikatika.

Jumapili, 8 Desemba
Mvua: manyunyu, kwa macho.

Simu ya mhariri saa kumi na mbili asubuhi: niende Urambo kwa sherehe za Uhuru, treni ya saa moja. Nimewahi kwa dakika nne.

Jumatatu, 9 Desemba. Urambo.
Gwaride, ngoma, hotuba mbili. Sina habari ya mvua ya Tabora.

Jumanne, 10 Desemba
Mvua: milimita 12. Naandika tarehe kumi na moja, asubuhi, niliyoyaona jana.

Treni ilinishusha Tabora saa mbili na nusu asubuhi. Nilikwenda gerejini moja kwa moja. Mabruki alikuwa amesimama uwanjani, amefika na basi, mfuko bado uko begani. Alikuwa anatazama chini. Palipokuwa pamesimama lori pana mistari miwili ya matairi iliyojaa maji.

"Limekwenda wapi?" akauliza.

Sikujua. Mwanahawa alitoka ndani, mikono ina unga. Alisema Anton alikuja Jumapili saa tatu na watu wanne. Walikuwa na spring waliyoing'oa kwenye lori jingine lililokufa injini. Waliifunga wenyewe, Twalibu akaliwasha, wakaondoka kwenda Tura. Tangu Jumapili linazunguka na watu.

"Hawakuuliza chochote?" Mabruki akasema.

"Aliuliza. Anton aliniuliza kama raba za breki zimefika, na kama lori lina ugonjwa mwingine. Nikamwambia mimi si fundi, mume wangu huandika ugonjwa kwenye kioo. Wakaenda wote kutazama kioo. Kilikuwa kisafi. Twalibu akasema, fundi kafuta, fundi kamaliza."

Mabruki alinigeukia.

"Uliandika lini mara ya mwisho?"

"Ijumaa."

"Jumamosi?"

"Mvua."

"Jumapili?"

"Treni."

Nilikwenda stesheni, nikaomba simu ya reli hadi Tura. Mtu wa stesheni ya Tura alisema lori limepita hapo asubuhi tupu, limekwenda kuchukua watu upande wa korongo, litarudi mchana. Nikamwomba amtume mtu akalizuie. Alisema ana treni ya mizigo saa tano na msaidizi mmoja mwenye homa, ila atajaribu.

Hapakuwa na gari jingine. Saa nne kasoro robo tuliondoka na Kigoda.

Naandika njia kama ilivyokuwa. Tope tangu tulipoacha mji. Mara sita Mabruki alishuka kusukuma. Bamba la pipa la lami lilipiga mawe na kushika. Mvua ilianza saa tano na hatukuwa na paa. Mabruki alikuwa amejifunika mfuko wake kichwani. Tulipita watu wakitembea kando ya njia na vyombo vyao, wamejipanga mmoja nyuma ya mwingine. Walisogea bila kutuangalia. Mabruki alizungumza mara moja tu njia nzima.

"Likiwa limebeba mtama litakuwa zito. Zito ndilo baya."

Saa nane na dakika kumi tulifika juu ya mteremko wa korongo. Nilikanyaga breki. Kigoda kilisimama palepale, bila kuteleza hata hatua moja.

Lori lilikuwa chini, kushoto kwa daraja, ubavu ndani ya maji. Magogo mawili ya daraja yalikuwa yameng'oka.

Waliokufa ni wanne: Twalibu, mzee mmoja na mkewe, na mwanamke mwenye umri wa miaka thelathini hivi. Majina ninayo kwenye kitabu cha kazi. Majeruhi kumi na mmoja. Anton alikuwa amefika kabla yetu na gari lake. Alikuwa ndani ya maji hadi kiunoni, amelichana shati kufungia watu mikono. Aliendelea na kazi hiyo zaidi ya saa moja, na hakutoa amri yoyote isiyokuwa na maana. Hilo nalo liandikwe.

Flavia, yule wa jiwe, alikuwa amekaa ukingoni, mkono umevunjika juu ya kiwiko. Alikuwa amerudi shambani kuchukua mtama uliobaki. Alipanda mbele karibu na dereva.

"Alikuwa anakanyaga," akaniambia. "Anakanyaga, anakanyaga, kama mtu wa cherehani. Akaniambia, mama, shika bati. Nikashika bati."

Mabruki alitambaa chini ya lori kwenye tope, akakaa huko kitambo. Alipotoka alikwenda kwa Anton, akasimama mbele yake kama askari.

"Ni breki. Uwanja ni wangu."

"Nina sahihi yako," Anton akasema. Hakupaza sauti. Shati alilokuwa amelichana ni lilelile lenye mfuko alimotia karatasi.

Walimchukua Mabruki kwenye gari la Anton pamoja na majeruhi wawili. Mimi nilirudi peke yangu. Kila nilipokanyaga, Kigoda kilisimama.

Alhamisi, 12 Desemba
Mvua: milimita 33.

Mabruki yuko mahabusu. Maelezo yake ni mafupi, na inspekta amenisomea: raba zilikuwa mbovu, chaki iliandikwa, mvua imeifuta. Inspekta alimuuliza raba nzima zilikwenda wapi. Alijibu kwamba zilikwenda kwa kazi nyingine, na kazi hiyo ilikuwa ya kwake. Alimuuliza nani alikuwa akiangalia chaki alipokuwa Puge. Alijibu kwamba uwanja ni wake.

Anton ametoa maelezo pia. Chaki aliisoma tarehe 28, na Jumapili kioo kilikuwa kisafi. Kwa hiyo, anasema, fundi alikwishatangaza breki zimepona. Katika maelezo yake hakuna uongo hata mmoja.

Ijumaa, 13 Desemba
Simu ya upepo kutoka kwa mhariri: HUJUMA TURA LETA JINA LA ALIYEKAMATWA.

Nimepeleka habari maneno mia mbili na kumi. Idadi ya waliokufa, mahali, saa, jina la aliyekamatwa. Kila neno ni sahihi. Neno "hujuma" sikuliandika. Najua litaandikwa huko.

Jumamosi, 14 Desemba
Mvua: milimita 5.

Stesheni wamenipigia kwamba kuna kifurushi cha Fundi Mabruki. Nimekichukua. Raba mbili za masta silinda, mpya, zimefungwa kwenye karatasi ya nta.

Jumanne, 17 Desemba
Mvua: milimita 20.

Gazeti limefika. Ukurasa wa kwanza: FUNDI MHUJUMU WA TABORA. Chini yake jina langu.

Mwanahawa alikuja nyumbani saa kumi jioni. Hakukaa.

"Shikamoo, shemeji."

Ananizidi miaka miwili na hajawahi kunipa shikamoo. Sikuiitikia.

"Nimempelekea chakula mume wangu leo," akasema. "Amenituma nikuulize kama gia ya tatu bado inapiga kelele."

"Amesema nini kingine?"

"Hakuna kingine. Hakutaji, shemeji. Wamemuuliza siku tano, hakutaji. Mimi nilikuwa jikoni siku ile mlipokuwa mnabishana kuhusu raba, na dirisha la jiko halina kioo. Nimekuja nikutazame tu."

Alinitazama kwa muda ambao ungetosha kusoma ukurasa mmoja. Kisha akaondoka.

Jumatano, 18 Desemba
Mvua: milimita 16. Sikwenda gerejini.

Ijumaa, 20 Desemba
Mvua: milimita 41. Sikwenda.

Jumapili, 22 Desemba
Mvua: milimita 7.

Nimemkuta Anton nje ya posta. Amekonda. Alisema faili la Mabruki litapelekwa mbele mwisho wa mwezi, na kwa watu wanne wakati wa operesheni hawatampa miaka michache. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea.

"Nilikitazama kile kioo, ndugu mwandishi. Nilikitazama vizuri. Kama pangekuwa na hata alama moja ya chaki, ningeliacha. Unaniamini?"

"Nakuamini," nikasema.

Ni kweli, namwamini. Tangu Novemba nimekuwa nikimwandika kama mtu wa kelele. Ni mtu aliyesoma kilichoandikwa.

Jumanne, 24 Desemba
Mvua: milimita 13.

Idi ya kuchinja leo, Krismasi kesho. Mji wote unanukia nyama. Nyumba ya Mabruki haina moshi.

Dobi ameleta nguo. Kwenye mfuko wa shati la kaki amekuta kipande cha chaki na hakukitupa. Amekifunga kwenye karatasi na kukiweka juu ya nguo.

Alhamisi, 26 Desemba
Mvua: milimita 30.

Nimelisoma daftari hili tangu mwanzo, kama ninavyosoma habari ya mtu mwingine kabla ya kuipeleka.

Tarehe 20 Novemba: raba zimeazimwa, kwa msukumo wangu. Tarehe 23 Novemba: lori limetolewa kwenye mvua, kwa ombi langu, viti vya turubai vikauke. Mstari mmoja na nusu tu. Tarehe 3 Desemba: nimekabidhiwa chaki. Tarehe 7 Desemba: "Nitaandika kesho mvua ikikatika." Nilikuwa hatua nane. Ndani ya banda kulikuwa na kipande cha boksi, kamba, na kopo la rangi nyeusi niliyokuwa nikipaka fremu ya kioo cha pembeni. Ningeweza kuandika juu ya boksi na kulifunga kwenye usukani. Sikutafuta njia nyingine, kwa sababu kioo cha pembeni kilikuwa hakijakaa sawa.

Katika karatasi zote zilizo mezani kwa inspekta hakuna inayosema haya. Ipo hii tu.

Ijumaa, 27 Desemba
Mvua: uwanja wa ndege bado hawajafungua. Kwa macho, hakuna.

Saa kumi na mbili asubuhi nilikwenda gerejini. Mwanahawa alinifungulia mlango wa uwanja bila kuniuliza. Nimeifungua masta silinda ya Kigoda na kutoa raba mbili za lori. Zina nambari ileile iliyo kwenye zile mpya zilizokuja kwa treni. Zile mpya sikuzifunga. Ni za lori.

Sikuwa na kibovu cha kurudishia, kwa hiyo mahali pake nimepaacha wazi, kinyume na utaratibu. Nimefuta kioo cha mbele kikawa kikavu, na upande wa dereva, kwa chaki, nimeandika BREKI HAKUNA. Banda halivuji. Maandishi yatakaa.

"Kitaondoka lini?" Mwanahawa akauliza.

"Fundi akiifuta."

Alisoma kioo. Kisha akaniletea maji ya kunawa mikono, akashika kata mpaka nikamaliza.

Raba nne ziko ndani ya bahasha, mbili za zamani na mbili mpya, pamoja na kipande cha chaki. Bahasha na daftari hili nampelekea inspekta, ambaye anaingia saa tatu. Nitamsomea mwenyewe ukurasa wa tarehe 7, asije akauruka kwa ufupi wake. Sijui kama utamtoa Mabruki au utaniingiza mimi pale alipo. Anton ataitwa, na atauliza kwa nini nimechukua siku kumi na saba.

Hilo nalo limo humu, siku kwa siku. Saa mbili na dakika hamsini. Natembea kwa miguu.